Matone ya Bonde la Ruzizi

Mtu atokaye Bukavu kwenda Uvira bila kupita Rwanda hushuka milima ya Ngomo polepole, akiacha baridi ya mji nyuma yake, mpaka afike Kamanyola penye joto na vumbi. Toka hapo njia ni tambarare: Luvungi, Sange, Kiliba penye miwa, kiisha ziwa Tanganyika. Mkono wa kushoto kuna mto Ruzizi, na ng'ambo yake ni Burundi. Wafratri wetu wengi wamepita humo wakienda kwao kwa likizo, wamebanwa katika gari kati ya magunia na kuku. Lakini ni wachache wajuao kwamba katika bonde hili, tangu mwezi wa pili mpaka mwezi wa nne wa mwaka 1958, ilifanyika kazi ambayo hakuna nchi iliyokuwa imeithubutu bado kwa ukubwa ule: watu 215,504 walimezeshwa dawa ya polio yenye kijidudu hai, kwa muda wa majuma sita tu.

Miaka 65 baadaye, mwezi wa tatu wa 2023, majina ya nchi zetu hizi hizi yalisikika tena kwa ajili ya dawa ya namna ile. Shirika la Afya la Dunia pamoja na wenzake washughulikao kuifuta polio walitangaza kwamba watoto 7 wamepatwa na ugonjwa huo, 6 katika Kongo, mikoani Tanganyika na Kivu ya Kusini, na 1 katika Burundi. Kijidudu kilichowapata hakikuwa kile cha zamani cha porini. Kilitoka katika chanjo yenyewe, tena chanjo mpya iliyotengenezwa makusudi ili jambo hilo lisitokee.

Tunaandika haya kwa sababu ya swali. Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja alimwendea mwalimu wa dini wa mtaa wake, akamwuliza: "Mwalimu, watu wanasema matone yale ndiyo yanaleta polio. Ni kweli ao ni uongo?" Mwalimu akajibu upesi: "Ni uongo mtupu, mama. Usiwasikilize." Mama akanyamaza, akaenda zake. Mwalimu huyu ni mtu mwema na mwenye bidii, naye alikuja kutusimulia habari hiyo kama mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Hatukumlaumu, maana sisi wenyewe tungalijibu vile vile miaka michache iliyopita. Lakini jibu lake halikuwa kweli, na mama yule ana simu mkononi kama watu wote. Siku moja atasoma kwamba ni kweli, na siku hiyo hatatusadiki tena katika neno lo lote la dawa. Basi ni lazima tujue historia yenyewe.

Polio ni ugonjwa wa kijidudu kiingiacho kwa kinywa, pamoja na maji ao chakula kilichoguswa na uchafu wa choo. Kikifika matumboni huzaa wengi. Watu walio wengi hawasikii kitu, ao homa kidogo tu. Lakini kwa mtu 1 hivi kati ya 200 kijidudu hupenya mpaka mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, na mguu ao mkono unalegea kwa siku chache, usipone tena. Kikishika mishipa ya kupumua, mgonjwa hufa. Kuna namna tatu za kijidudu hiki: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kinga ya namna moja haimlindi mtu na nyingine, na jambo hili msomaji alishike, kwa kuwa taabu yetu yote ya miaka hii imetoka humo. Dawa ya kuuponyesha hakuna. Katika mji wetu twawaona watu wazima wanaotembea kwa fimbo mbili ao kwa baiskeli ya miguu mitatu inayozungushwa kwa mikono. Na waimbaji wa Kinshasa waitwao Staff Benda Bilili, waliosifiwa mpaka Ulaya tangu mwaka 2009, wengi wao walipooza kwa polio wakiwa watoto.

Dawa za kuukinga ni mbili. Ya kwanza ni ya Jonas Salk, Mwamerika, iliyotangazwa tarehe 12 ya mwezi wa nne 1955: ni kijidudu kilichouawa, nacho hutiwa kwa sindano. Kisichokuwa na uzima hakiwezi kufufuka, basi dawa hiyo haiwezi kumpa mtu polio kama imetengenezwa vema. (Mwaka ule ule wa 1955 kiwanda kimoja cha Amerika hakikukiua kijidudu chote, na watu 10 walikufa. Hata dawa nzuri yahitaji mikono yenye uangalifu.) Ya pili ni kijidudu hai kilichopunguzwa nguvu. Mtoto akikimeza, kinazaa matumboni mwake kama kile cha porini, mwili unajifunza kupigana nacho, naye hapoozi. Dawa hii ni rahisi, haina sindano, matone mawili yatosha, na inafunga mlango pale pale kijidudu kinapoingilia. Tena mtoto aliyepewa hutoa kijidudu hicho dhaifu katika choo chake kwa majuma kadhaa, na wenzake waweza kukipata, wakakingwa nao bila kumwona munganga. Wanganga walihesabu jambo hilo kuwa faida. Ni faida kweli. Hatari nayo imo humo humo, kama tutakavyoona.

Aliyetangulia kumpa mtu dawa hai ni Hilary Koprowski, mzaliwa wa Varsovia katika Polandi, aliyekimbia vita akafika Amerika. Tarehe 27 ya mwezi wa pili 1950 alimpa mtoto mmoja katika nyumba iitwayo Letchworth Village, wilaya ya Rockland, karibu na New York, na baadaye wengine, jumla 20. Nyumba hiyo ilikuwa ya watoto wenye upungufu wa akili. Wanganga wenzake walishangaa walipopata habari, na sisi pia hatupendezwi tunapoisoma: anayejaribiwa dawa kwanza kuliko wote ni yule asiyeweza kukataa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwetu? Tutazame. Pale Stanleyville, ndio Kisangani ya leo, palikuwa na laboratwari ya wanganga chini ya Ghislain Courtois, Mbelgiji. Karibu na mji, mahali paitwapo Lindi, walikusanya sokwe wengi ili kujaribu nguvu za dawa ya Koprowski. Mwaka 1957 walianza kuwapa watu: watoto wa masomo wa Aketi, halafu miji mingine ya kaskazini-mashariki ambako polio ilikuwa imetokea. Kiisha wakashuka katika bonde la Ruzizi, pande zote mbili za mto, upande wa Kongo na upande wa Urundi. Dawa ilikuwa ya maji, ya namna ya kwanza tu, nayo ilitiwa kinywani mwa watu waliopanga mstari, wakubwa kwa wadogo. Tarehe 26 ya mwezi wa saba 1958 gazeti la wanganga wa Uingereza lilipiga chapa taarifa ya kazi hiyo, iliyotiwa sahihi na Courtois, Flack, Jervis, Koprowski na Ninane. Taarifa yenyewe ilijiita ya kwanza tu, yaani hesabu kamili ilikuwa bado. Wakati ule ule walianza kazi kama hiyo kwa watoto wadogo wa Léopoldville, nayo iliendelea mpaka mwaka 1960.

Je, watu wa Luvungi na wa Sange waliulizwa? Taarifa za namna ile hazina desturi ya kuandika maneno ya wazazi. Twajua tu jinsi mambo yalivyokwenda zamani zile: Serkali ilipoita, watu walikuja. Kodi, kazi ya lazima, na kupangwa mstari kwa kutafutwa ugonjwa wa usingizi vilikuwa vimewazoeza hivyo. Hatusemi kwamba wanganga wale walitaka ubaya. Polio ilikuwa ikiua na kulemaza, nao waliamini dawa yao, na watu wengi sana duniani wamepona kwa kazi iliyoanza namna hiyo. Lakini mtu asiyeulizwa haelezwi, na asiyeelezwa hubaki na nafasi tupu katika kumbukumbu yake, ambamo maneno yo yote yaweza kuingia baadaye.

Nayo yaliingia. Ukimwi ulipojulikana, watu wa Ulaya na Amerika walianza kuuliza umetoka wapi, na tangu mwaka 1992 wengine waliandika kwamba ulitoka katika dawa ile ya Koprowski: eti ilioteshwa katika mafigo ya sokwe wa Lindi wenye kijidudu kinachofanana na cha ukimwi, na watu wa Ruzizi wakaimeza. Mwaka 1999 Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kikubwa juu ya neno hilo. Neno lenyewe halikuwa la kipumbavu. Lilistahili kuchunguzwa, na lilichunguzwa kweli. Mwaka 2000 wataalamu walikutana London kulijadili. Chupa za dawa ya zamani zilizokuwa zimetunzwa zilipimwa, na mwaka 2001 majibu yakatoka: hazikuwa na alama ya sokwe, ila ya nyani wadogo wa Asia, wala hazikuwa na kijidudu cha ukimwi. Mtaalamu William Hamilton wa Oxford, aliyedhani neno lile laweza kuwa kweli, alikuja mwenyewe Kisangani mwanzo wa mwaka 2000 kutafuta choo cha sokwe porini. Alirudi mgonjwa, akafa mwezi wa tatu mwaka ule. Wenzake waliendelea na kazi, na mwaka 2004 walionyesha kwamba kijidudu cha sokwe wa Kisangani ni cha ukoo mwingine kabisa, mbali na ukimwi wa watu. Wengine walihesabu umri wa ukimwi wakaona kwamba ulikwisha kuingia kwa watu miaka mingi kabla ya 1958, na kwamba sokwe waliotoka nao ni wa pande za Kameruni. Basi neno hilo limekwisha. Mkristo akiulizwa kama matone ya Ruzizi yalileta ukimwi, aweza kujibu bila kusitasita: hapana.

Lakini mtu asichanganye neno hili na lile lingine. Hapa ndipo mwalimu wetu alipokosea, na si yeye peke yake. Amesikia mara nyingi uongo juu ya dawa, kwamba ina ukimwi, kwamba inafunga uzazi wa wasichana, kwamba ni shauri la Wazungu la kutupunguza, hata kila neno baya lisemwalo juu ya matone amelitia katika gunia moja na kulitupa nje. Katika gunia hilo lilikuwamo neno moja la kweli.

Neno la kweli ni hili. Dawa ya Koprowski haikuendelea. Iliyochaguliwa ni ya Albert Sabin, iliyopewa watu mamilioni katika Urusi tangu mwaka 1959 kwa kazi ya Mikhail Chumakov, na ndiyo mama wa matone yote waliyopewa watoto wetu toka tulipopata uhuru. Kijidudu cha Sabin ni dhaifu, lakini ni hai, na kitu hai hubadilika. Kinaweza kurudia ukali wake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ndani ya mtoto yule yule aliyemeza, ao ya mtu wa karibu naye: wanganga wamehesabu kwamba jambo hili hutokea mara 1 hivi katika vipimo milioni 2.7. Njia ya pili ndiyo iliyotupata sisi. Katika mahali ambapo watoto wachache tu wamepewa dawa, na choo ni kibaya, kijidudu dhaifu hutoka kwa huyu kikaingia kwa yule asiyekingwa, na toka kwake kwa mwingine, na kila safari kinabadilika kidogo. Ikipita mwaka mmoja ao zaidi, kijidudu kile si dhaifu tena. Kinapoozesha kama cha porini.

Wazee wetu wajua habari ya mbwa wa nyumbani aliyepotea msituni. Akizaa huko, na watoto wake wakizaa huko, mwisho hutokea mbwa asiyemjua mtu, naye huuma. Kama angalikuta kila zizi limefungwa na hana cha kula, angalikufa njiani mwezi wa kwanza. Kijidudu cha chanjo ni hivyo: kikikuta watoto wote wa kijiji wamekingwa, kinakufa. Kikikuta nusu yao wako wazi, kinapata kwao.

Jambo hilo lilijulikana wazi mara ya kwanza katika nchi za Haiti na Dominikana, mwaka 2000 na 2001, ambako watoto 21 walipatwa. Katika Kongo tumeliona tangu mwaka 2004 hivi. Kijidudu cha porini chenyewe kilitoweka kwetu mwisho wa mwaka 2011, na tarehe 25 ya mwezi wa nane 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa imeondokewa nacho. Hiyo ni kazi kubwa, na matone ndiyo yaliyoifanya. Lakini polio haikuondoka.

Kwa nini? Mwaka 1999 kijidudu cha porini cha namna ya pili kilionekana mara ya mwisho duniani, huko India. Tangu hapo waliopooza kwa namna ya pili walipooza kwa chanjo tu. Basi wakubwa wa kazi hii walifanya shauri: mwezi wa nne 2016, katika nchi zaidi ya 150 kwa majuma mawili, namna ya pili iliondolewa katika matone. Shauri lenyewe lilionekana la akili. Walidhani vijidudu vilivyobaki njiani vitakufa vyenyewe. Havikufa. Na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa tena na kinga ya namna ya pili matumboni mwao. Mwaka 2017 watoto wa Maniema na wa Haut-Lomami wakaanza kupooza, na mwezi wa pili 2018 Wizara ya Afya ya Kinshasa ikatangaza hatari kwa nchi nzima. Maji ya kuzimia moto huo yalikuwa nini? Matone ya namna ya pili, yale yale yenye kijidudu hai. Yalizima moto mahali pengi, na mahali pengine, ambapo watoto wengi walirukwa, yakaacha cheche. Mwaka 2019 peke yake watoto zaidi ya 80 wa Kongo walipooza kwa namna ya pili. Mwaka 2022, tukihesabu namna ya kwanza na ya pili pamoja, walikuwa zaidi ya 500. Mwaka 2024 watu waliotumwa kuchunguza shauri lile la 2016 walikiri waziwazi kwamba lilishindwa. Sisi twawaheshimu kwa kukiri. Ingalifaa zaidi kama watu wa Kabalo na wa Malemba-Nkulu wangaliambiwa hatari hiyo kabla, kwa lugha yao.

Kwa hiyo wataalamu walitengeneza dawa mpya, waiitayo nOPV2: kijidudu cha namna ya pili kilichofungwa kwa vifundo vingi zaidi, ili kisirudie ukali wake upesi. Ilipewa ruhusa ya haraka mwezi wa kumi na moja 2020, ikaanza kutumiwa mwezi wa tatu 2021. Ndiyo hiyo iliyotajwa katika tangazo la 2023. Katika Burundi, ambako polio ilikuwa haijaonekana kwa zaidi ya miaka 30, aliyepatwa alikuwa mtoto wa miaka minne wa Isale, katika milima ya juu ya Bujumbura. Hakuwa amepewa chanjo yo yote. Kijidudu chake kilikuwa cha ukoo mmoja na kile kilichoonekana katika Kivu ya Kusini. Kilivuka, basi, kama watu wanavyovuka kila siku na ndizi na sabuni. Wakati ule vipimo karibu milioni 600 vya dawa mpya vilikuwa vimekwisha kutolewa katika nchi 28. Watoto 7 kwa vipimo milioni 600: vifundo vimeshika, hesabu yasema hivyo, na mwezi wa kumi na mbili 2023 dawa ilipewa ruhusa kamili. Lakini hesabu hiyo haimfai kitu mama wa Isale, naye hakuikosea dunia kwa lo lote.

Mfratri mmoja mwenye akili kali alituuliza darasani: "Kwa nini Waamerika waliacha matone tangu mwaka 2000, wakatumia sindano peke yake, na sisi tunaendelea kupewa kitu walichokikataa?" Swali ni la haki, nalo lisijibiwe kwa hasira. Waliacha kwa sababu kwao kijidudu cha porini kilikuwa kimekwisha, na watu 8 hivi waliopooza kila mwaka walipooza kwa dawa tu. Sindano haina hatari hiyo. Lakini sindano hulinda mwili wa mtoto pasipo kufunga vizuri mlango wa matumbo. Mtoto aliyedungwa hapoozi, walakini aweza kukibeba kijidudu na kumpelekea jirani. Kwao choo ni safi na kijidudu hakisafiri mbali. Kwetu, katika mitaa ya Kadutu ambako mvua hushusha taka zote za mlima mpaka ziwani, kinasafiri. Kwa hiyo twahitaji vyote viwili, na kweli tangu mwaka 2015 watoto wa Kongo hupewa sindano pia, katika juma la 14, pamoja na matone.

Tena Amerika yenyewe haikuokoka. Mwezi wa sita 2022 kijana mmoja asiyepewa chanjo alipooza kwa namna ya pili iliyotoka katika matone ya nchi nyingine. Alipooza wapi? Katika wilaya ya Rockland, ile ile yenye Letchworth Village, ambako Koprowski alimpa mtoto wa kwanza mwaka 1950. Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka Ruzizi.

Wenye kazi ya kuhubiri mitaani wataka kujua la kufanya, nasi tutasema kwa ufupi, maana wanganga wa zoni za afya wayajua kuliko sisi. Wale wanaopita nyumba kwa nyumba na sanduku la barafu, wakipaka wino kidole cha mtoto na kuandika mlangoni kwa chaki, huhesabu nyumba walizozikuta. Wasizozikuta ndizo za hatari. Familia zilizokimbia vita, hasa tangu mwaka 2025 vilipofika hata Bukavu mwezi wa pili, hazina mlango wa kuandikwa chaki. Mwalimu wa dini ajua ni nani amefika mtaani juzi na watoto wangapi. Tena mtoto ye yote chini ya miaka 15 akilegea mguu ao mkono ghafula, bila kuanguka wala kuumia, munganga apewe habari siku ile ile. Watachukua choo chake mara mbili, siku mbalimbali, kabla siku 14 hazijapita, na kukipeleka katika baridi mpaka laboratwari ya Kinshasa. Choo kikipata joto njiani, jibu limepotea. Tunajua umeme wetu ulivyo, na njia zetu.

Mwalimu wetu, basi, baada ya kusikia hayo yote, alirudi kwa mama yule siku ya tatu. Alimkuta akipepeta maharagwe.

"Mama," akasema, "Jumapili nilikujibu vibaya. Kuna watoto waliopooza kwa kijidudu kilichotoka katika matone. Ni wachache sana, na kijidudu hicho hupata nguvu pale watoto wengi hawakupewa."

Mama akaendelea kupepeta kitambo. "Huyu wangu wa mwisho alipewa mara moja tu. Mara nyingine walikuja tukiwa shambani."

"Basi huyo ndiye tumpeleke. Kuna na sindano, pale kituo cha afya. Tutakwenda pamoja, mama, siku ya kwanza yake."

Akakubali. Kiisha akamwuliza kwa nini hakumwambia hivyo tangu Jumapili. Mwalimu alitusimulia kwamba hakupata la kumjibu.